Nusu Mzunguko

Mwanzoni mwa mwaka jana nililipwa kuandika kuhusu pushirodi. Mteja yuko Marekani, anauza vipuri vya injini za mbio, na hulipa kwa idadi ya maneno. Mimi nilikuwa Tarbaj, nyumbani kwa mama, nikiandika kwa simu kwa sababu laptopu ilitegemea jua na hisani ya jirani mwenye betri. Maagizo yalikuwa mafupi: eleza jinsi ya kuchagua pushirodi na kuweka mkandamizo wa lifta kwenye V8 iliyoongezwa nguvu. Maneno elfu mbili. Lugha nyepesi. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kushika V8.

Nilichokuwa nacho ni miaka miwili na kitu ya uhandisi wa mitambo katika chuo kimoja cha Nairobi, rundo la vitabu kwenye simu, na abti, kaka yake mama, ambaye amefungua injini tangu kabla sijazaliwa. Chuo nilikiacha. Mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo ya baba ilipungua mpaka ada ikawa haina ng'ombe wa kuilipa. Watu wa Tarbaj hawajali hayo. Kwao niliondoka kwenda kusomea uinjinia, basi mimi ni Injinia. Jina limekwama.

Kama hujui pushirodi ni nini, uko sawa, maana pengine hujawahi kupanda gari lenye nazo. Probox haina. Vitz haina. Hata Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ile inayobeba watu, mbuzi na magodoro kutoka Wajir hadi Mandera, haina hata moja. Kamshafti yake iko juu, jirani na vali. Lakini kuna injini ambazo kamshafti imelala chini, tumboni, na vali ziko juu kichwani, na kati yao kuna safari. Fimbo ya chuma inayopeleka habari kutoka chini kwenda juu ndiyo pushirodi. Chini inasimama juu ya lifta, ambayo mafundi wetu huiita tapeti. Juu inasukuma roka. Roka inafanya kama ubao wa watoto wa kubembea: upande huu ukipanda, ule unashuka na kufungua vali. Springi inarudisha kila kitu. Jenereta inayozunguka mara 1,500 kwa dakika inafungua kila vali mara 750 kwa dakika hiyo hiyo. V8 ya mteja wangu, ikifika mizunguko 6,000, ni mara 3,000. Hamsini kwa sekunde. Jaribu kupiga makofi hivyo.

Watu huiona teknolojia hii kama ya wazee, na ni ya wazee kweli, lakini tusiidharau. Kuanzia 1963 hadi 1968 kila gari lililoshinda Safari Rally lilikuwa na pushirodi. Peugeot 404 ilishinda mara nne. Ford Cortina GT ilichukua 1964. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo PV544, vumbi na matope ya Afrika Mashariki yote, injini ya fimbo ndani. Kwa hivyo mtu akikuambia pushirodi ni mambo ya Wamarekani peke yao, mwambie akae chini.

Sasa lile swali la mteja. Kuchagua pushirodi watu hudhani ni kuchagua ngumu kuliko zote. Ugumu ni muhimu, sikatai. Fimbo nyembamba ikisukumwa na springi kali inapinda katikati kidogo sana, kisha inajirudi kwa kishindo, kama mwanamichezo anayeruka kwa upondo. Vali inarushwa badala ya kusukumwa. Hauoni kwa macho, unasikia nguvu zikipotea ukifika mizunguko ya juu. Ndiyo maana wajenzi wa injini za mbio huenda kwenye fimbo nene yenye ukuta mnene, na hawaogopi uzito wake mdogo ulioongezeka upande huo. Bora fimbo nzito iliyonyooka kuliko nyepesi inayocheza.

Lakini kinachoua injini ni urefu. Ile V8 ndogo ya Chevrolet ya tangu 1955 ina pushirodi ya kawaida ya karibu inchi 7.8, milimita 198 hivi. Katalogi itakuambia hivyo na utaamini. Katalogi haijui kwamba fundi wako amekwangua hedi. Haijui gasketi mpya ni nene kuliko ya kwanza. Haijui vali zimesagwa zikazama kwenye vikalio vyao na mikia yake imetokeza juu zaidi. Kila moja ya hizo inasogeza roka au vali, na urefu wa jana si urefu wa leo. Mjenzi makini hanunui pushirodi kwanza. Anafunga injini yote, kisha anapima, kisha ndiyo anaagiza.

Halafu mkandamizo. Lifta ya haidroli ni kikombe chenye pistoni ndogo ndani inayokaa juu ya oili. Oili ya injini inaijaza, pistoni ndogo inapanda na kumeza nafasi yote kati ya kamshafti na vali. Chuma kikitanuka kwa joto, lifta inajirekebisha. Hakuna kelele, hakuna kurekebisha kila mara. Ili ifanye kazi, lazima hiyo pistoni iwe imeshakandamizwa kidogo tangu mwanzo, isiwe imegonga juu wala chini. Kwa hivyo unakaza nati ya roka mpaka pushirodi iache kucheza juu na chini. Hapo ni sifuri. Kisha unaongeza nusu mzunguko, wengine hadi mzunguko mzima. Ukiweka kidogo mno, injini inagongagonga. Ukizidisha, kwenye mizunguko ya juu lifta inaweza kujaa na kushikilia vali wazi, na nguvu zote zinatokea mlangoni.

Nusu mzunguko baada ya sifuri. Niliandika sentensi hiyo asubuhi, nikaituma jioni kutoka pale karibu na msikiti ambapo mtandao hushika, nikalala. Siku mbili baadaye nilisikia sentensi hiyo hiyo ikisemwa kwa sauti mbele ya wazee, kuhusu injini ya kisima.

Nikueleze kisima. Visima vingi vya Wajir siku hizi vina paneli za jua na jenereta ya dizeli pembeni ya kusaidia. Hiki chetu kilikuwa na dizeli pekee: injini ya silinda tatu, ya kupozwa kwa hewa, imefungwa kwenye jenereta, jenereta inaendesha pampu iliyo chini kabisa. Kibati cha namba kimechubuliwa na miaka na mchanga mpaka hakisomeki. Jilaal ilikuwa imekaza, ule ukame wa kati ya Januari na Machi, wakati ambao kila mtu anajua idadi ya siku. Ngamia anavumilia. Mbuzi hana subira hiyo, na ng'ombe ndio kabisa. Watu walikuwa wameanza kuwasili na mifugo kutoka upande wa Sarman.

Vali moja ilikwama kwenye njia yake, kamshafti ikaendelea kusukuma kwa sababu kamshafti haiulizi, na pushirodi ikapinda. Halafu nyingine, silinda ya pili. Abti alizitoa na kuzibingirisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha la gari. Pushirodi iliyonyooka inabingirika kimya. Hizi zilikuwa zinaruka kama mtu anayechechemea.

"Zinyooshwe kwa nyundo," mtu mmoja wa kamati ya maji alisema.

Abti hakumjibu. Baadaye aliniambia pushirodi ikishapinda imeshajifunza njia, utainyoosha na itarudi pale pale. Pia aliniambia tushukuru ilipinda. Chuma hicho kikigoma kupinda, kinachovunjika ni kitu cha bei.

Hedi mbili zilipelekwa Garissa, zikarudi na vali zilizosagwa na uso uliokwanguliwa. Pushirodi mbili zilipatikana Wajir mjini, kutoka injini iliyokufa ya familia hiyo hiyo. Zilifanana kabisa. Nilizilaza kando ya zile nzima, nikapima kwa vernia: mpya zilikuwa ndefu kwa milimita tatu.

Hapa nikaona kile nilichokuwa nimemwandikia Mmarekani kikitokea mbele yangu, bila V8 na bila duka. Juu ya roka ya injini hii kuna skrubu ya kurekebisha. Ukilegeza skrubu, pushirodi ndefu inaingia. Na iliingia. Mwenyekiti wa kamati akasema basi, washa. Lakini skrubu ilikuwa imerudi nyuma mpaka nyuzi chache tu zimeshika nati. Ingewaka, ndiyo. Ingetoa maji pengine wiki moja.

Mteja wangu anauza kifaa cha kupimia urefu, pushirodi yenye nyuzi katikati unayoirefusha na kuifupisha. Nimekiandikia sifa zake aya mbili. Abti alichukua ile iliyopinda vibaya zaidi, akaikata kwa msumeno vipande viwili vilivyonyooka, akatia boliti katikati na nati mbili. Dakika arobaini. Tukaiingiza, skrubu ya roka tukaiacha katikati ya nyuzi zake, tukairefusha fimbo taratibu kwa vidole hadi ikaacha kucheza. Nikapaka kalamu ya wino mzito kwenye mkia wa vali, tukazungusha injini kwa mkono mara mbili, tukafungua. Roka ilikuwa imefuta mstari mwembamba katikati. Tukapima. Kukwanguliwa kwa hedi, ukitoa unene wa gasketi mpya, kulikuwa kumebadilisha urefu kwa milimita 0.3 tu. Hizo skrubu inazimeza. Milimita tatu haiwezi.

Pushirodi zilirudi Wajir kwa gari la usiku, kwa fundi mwenye mashine ya kukereza, zikang'olewa kikombe, zikakatwa, kikombe kikapigwa tena. Usiku huo sikulala vizuri. Nje ya boma ulikuwa unasikia kengele za mbao za ngamia, nyingi kuliko kawaida, na hakuna aliyekuwa anaongea juu yake.

Zikarudi asubuhi. Tukafunga. Na hapo ndipo kijana mmoja wa boda, mtu mzuri, tumecheza mpira pamoja, alikuja na simu mkononi. Amepata video. Fundi wa Kimarekani, gereji safi kama hospitali, anaonyesha kwa kidole: kaza hadi sifuri, halafu ongeza nusu mzunguko. Kijana akawaonyesha wazee. Wazee wakaona kwa macho yao. Abti alikuwa anafanya kinyume chake: anakaza hadi sifuri kisha analegeza, anaacha nafasi. Fila yake imepoteza majani kadhaa kwa miaka, kwa hivyo alikuwa anatumia nyembe mbili zilizobanwa pamoja, kila mmoja milimita 0.1.

Fikiria inavyoonekana. Mzee mwenye nyembe, na mzungu mwenye gereji.

"Injinia," mwenyekiti akanigeukia, "wewe ulisoma. Yupi anasema kweli?"

Wote wawili, nikasema, na hilo ndilo jibu baya kuliko yote mbele ya watu wenye kiu. Nikajaribu kueleza. Injini ya kwenye video ina lifta ya haidroli, yenye oili ndani, inayopenda kukandamizwa. Hii yetu ina tapeti ngumu, kipande cha chuma, haina kitu ndani cha kukubali kukandamizwa. Ile ukiisukuma nusu mzunguko, pistoni ndogo inashuka. Hii ukiisukuma nusu mzunguko, kinachoshuka ni vali yenyewe, na vali isiyofunga haiwezi kukabidhi joto lake kwa kikalio, inaungua. Chuma baridi kinahitaji nafasi ya kutanukia.

Nilisema vizuri, nadhani. Nilisema kwa Kisomali safi, bila maneno ya darasani. Hakuna uso uliobadilika. Kijana wa boda akasema, kwa heshima, "Lakini walaal, huyu amefanya mbele yetu."

Hapo nikaona tusibishane, tufanye mbele yao pia. Nikamwomba Abti ruhusa. Nikamwambia kijana ashike spana mwenyewe, akaze silinda ya kwanza kama ilivyo kwenye video, nusu mzunguko, vali zote mbili. Akakaza. Tukafungua hewa kwenye silinda nyingine mbili kwa zile lever zake ili tusikie moja peke yake. Mwenyekiti akashika mpini na kuzungusha. Ulizunguka kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa. Nikamwambia mmoja wa wazee aweke kiganja kwenye bomba la moshi. Pumzi ilikuwa inatoka pale, laini, kila mzunguko. "Inahema," mzee akasema.

Kisha Abti akalegeza, akapitisha nyembe zake mbili, zikakwaruza kidogo zikipita, akafunga nati. Mwenyekiti akashika mpini tena. Nusu ya kwanza ulienda, halafu ukagoma. Akaegemea kwa uzito wake wote. Ukagoma. Alipouachia, ulimrudisha nyuma hatua nzima, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kijana alikuwa kimya, anatazama simu yake, si kwa aibu, bali kama mtu anayetafuta mahali ambapo ile video ilisema ni ya injini gani. Haikusema. Nimeandika makala ya kutosha za namna hiyo kujua kwa nini. Mtengenezaji wa video anadhani kila anayetazama ana gari kama lake. Na mteja wangu pia, alipopunguza maneno yangu, aliondoa aya iliyoanza na "kama lifta zako ni ngumu". Alisema wasomaji wake wote ni wa haidroli.

Injini iliwaka karibu na Asri, jaribio la tatu, moshi mweupe kwanza, kisha mwembamba, kisha hakuna. Abti hakuruhusu pampu iunganishwe mpaka iwe imekimbia tupu nusu saa, akaizima, akasubiri ipoe, akafungua vifuniko na kupima nafasi upya zote sita, huku watu wakiita jina lake kutoka kila upande. Moja ilikuwa imebana kidogo. Akairekebisha bila haraka. Maji yalifika kwenye birika giza likiingia, na waliokunywa kwanza walikuwa mbuzi, kwa amri ya wazee, ngamia wakisubiri nyuma wakilalamika kama kawaida yao.

Abti alinituma nitafute rangi. Tukaandika kwenye ukuta wa kibanda cha pampu, kwa herufi kubwa, urefu wa pushirodi, tarehe, na maneno: TAPETI NGUMU, ACHA 0.2 BARIDI.

Kesho yake kijana wa boda alikuja kwa Abti akisukuma pikipiki, injini imezimwa. Pikipiki yake ni ya Kichina, injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, na hizo, watu wengi wanaoziendesha hawajui, zina pushirodi mbili ndani. Alitaka kujua kama na yeye ana nafasi ya kuacha. Anayo, Abti akasema, milimita 0.08. Wakafungua kifuniko. Kijana, ambaye alikuwa ameshajifunza kitu, akatoa wembe mfukoni na kujaribu kuupitisha chini ya skrubu. Ukakataa kuingia.

"Umebana?" akauliza.

"Wembe wako ni 0.1," Abti akasema. "Bado hatujui. Lete ile fila."